Bwawa la Vidole Vinne

Vijana wangu, acheni kunitumia picha za masanduku yenye ukungu halafu mnaniuliza, "Mzee Athumani, tatizo ni nini?" Tatizo ni haraka. Umeona video ya dakika moja: mtu anatia udongo, anatia majani, anatia maji, muziki unapigwa, kwisha kazi. Na wewe ukakimbilia kwa fundi vioo siku hiyohiyo. Sasa majani yameoza, maji yananuka, na mama yako anataka hiyo takataka itoke sebuleni. Mama yako ana haki.

Mimi nimeifanya kazi hii maisha yangu yote ya ajira. Nilikuwa mhudumu wa maabara kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza kile tulichokiita msitu wa kioo: sanduku la kioo lenye urefu wa meza ya kulia chakula, ndani yake udongo, mawe, kangaga na vimaua, na kwenye pembe moja kibwawa kidogo cha maji. Humo waliishi vyura, ili wanafunzi wawaone bila kwenda kuwasumbua waliko. Nimekosea mara nyingi kwenye kazi ile. Lakini kosa langu kubwa kuliko yote sikulifanya nikiwa kijana. Nimelifanya mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, mnaniita mtaalamu. Nilibakiza siku moja tu nimtoe nje kiumbe pekee aliyekuwa bado ananisemesha ndani ya nyumba hii. Nitafika huko. Kwanza tuzungumze habari ya mkaa.

Chini kabisa ya sanduku unaweka kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, ili maji yanayochuja yasivunde. Juu ya mkaa unatandika kipande cha chandarua, udongo usishuke ukaziba. Mkuu wangu wa maabara, mtu wa maneno machache, alinieleza haya siku yangu ya kwanza akaondoka zake. Mimi nikaenda kwa mama aliyekuwa akitupikia chai, nikachota mkaa kwenye gunia lake. Mkaa si mkaa? Sikujua kwamba masika yale mvua ilikuwa imemlowanishia mkaa wote, na mama wa watu alikuwa akiunyunyizia mafuta ya taa humohumo guniani ili asubuhi usimsumbue kuwaka.

Siku tatu msitu wangu ulipendeza, nikawa nawaita watu waje kuuona. Siku ya nne zikatokea rangi juu ya bwawa, zile rangi za dimbwi lililo chini ya lori bovu. Siku ya tano nilitoa vyura kumi na wanne kwa kijiko, mmoja mmoja. Mkuu alisimama nyuma yangu akaniuliza swali moja tu: "Ulinusa?" Sikuwa nimenusa. Heri angenifokea.

Basi shikeni hilo. Kila kinachoingia kwenye sanduku kinapita puani kwanza. Udongo unukie mvua. Ukinuka mbolea, rudisha. Kioo chenyewe, kikitoka kwa fundi, gundi yake inanuka siki; usiweke hata jani moja mpaka ile siki iishe kabisa. Nimeishi hivyo mpaka mke wangu akawa ananicheka mezani, kwamba siku moja nitamnusa na yeye kabla sijamsalimia.

Aliyenifundisha maji si mkuu wa maabara. Ni Binti Shomari, mama wa Kiluguru aliyekuwa akishuka kutoka mlimani na tenga la mboga kichwani, akipita nyumba za walimu na maofisi ya chuo. Siku moja alitua tenga mlangoni kwetu, akachungulia ndani, akaliona sanduku. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza:

"Hivi mwanangu, hawa mmewafunga kwa kosa gani?"

"Hatujawafunga, mama. Tumewatengenezea kama kwao."

"Kwao!" Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Kwao maji yanatembea. Haya yako yamelala. Halafu akitaka kutoka anapandia wapi? Pande zote ukuta mtupu. Chura naye anachoka kuogelea, wewe."

Niliona haya, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeokota mmoja amekufa bwawani na nikaandika kwenye daftari kuwa ni ugonjwa. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amezama. Nilikuwa nimetengeneza bwawa kama ndoo, wima kila upande. Binti Shomari akanionyesha kwa kiganja chake: ufuko uteremke taratibu, kama pale wanawake wanapoingia mtoni kuchota maji, mguu ukitangulia kidogo kidogo. Na kina kisizidi vidole vinne. Chura hana haja ya zaidi ya hapo, na wewe unaona chini kila siku, hakuna kinachoozea gizani.

Wiki iliyofuata aliniletea mawe matatu juu ya mboga zake, ameyafunga kwa majani ya mgomba. Yalikuwa yamevaa yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni. Nikayapokea nikaanza kuyapanga ninavyoona yanapendeza. Akanipiga kofi la mkononi.

"Jiwe lina mgongo na tumbo. Huu ndio mgongo. Lilale kama lilivyokuwa limelala. Na lilitoka kivulini, usilipeleke dirishani."

Tangu hapo, kabla sijainua jiwe lolote, nilitia alama ya chaki upande wa juu, na nyingine upande lilikoelekea mto. Mtaona ni upuuzi. Fanyeni tu. Jiwe lililogeuzwa manyoya yake yanakuwa kahawia kwa wiki mbili, halafu mnanitumia picha.

Kuyafanya maji yatembee ilikuwa kazi nyingine. Pampu ndogo hatukuwa nazo. Nikaomba dripu mpya kwenye zahanati ya chuo, nikaining'iniza kwenye msumari juu ya sanduku, nikalegeza kile kigurudumu mpaka likawa linadondoka tone moja moja juu ya jiwe la juu, maji yanateleza mpaka bwawani. Asubuhi nateka bwawani kwa kikombe, narudisha kwenye chupa. Kila mgeni aliyeingia maabara aliuliza mgonjwa ni nani. Pampu zilipokuja walinicheka nilipokataa kuing'oa dripu. Umeme ukikatika siku mbili, nani anacheka? Na maji yenyewe msitoe bombani mkamimina. Yana dawa. Yaacheni kwenye ndoo wazi siku mbili, au kingeni ya mvua.

Na jambo moja ambalo sitanii. Wa mlimani mwacheni mlimani. Chuo kilikuwa na kibali, ninyi hamna. Kuna vyura wa Uluguru ambao ukiwashusha kwenye joto la mjini hawafiki jioni. Hawa wangu wa mwisho walikuwa wa kawaida tu, wale wadogo wa kijani wa kwenye majaruba ya mpunga huko Mlali, mmoja anakaa kwenye ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki.

Nilipostaafu, chumba chetu kilifanywa cha kompyuta. Wakauliza nani anataka lile sanduku, hakuna aliyejibu, nikasema mimi. Tulilileta nyumbani kwangu hapa Bigwa kwa pikapu, watu wanne tumelishika na mablanketi, dereva anakwenda mwendo wa kinyonga. Mke wangu, Mwanaidi, alitoka nje akashika kiuno.

"Kumbe umestaafu wewe tu. Kazi haijastaafu."

Kilichomuudhi zaidi ni chupa za ndizi. Vyura hawa wanakula wale nzi wadogo wa matunda, na nzi hao unawafuga mwenyewe: ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya chupa, mdomo umefungwa kitambaa. Kitambaa kikilegea, wageni wanakunywa chai na nzi. Shemeji zangu walikoma kuja bila taarifa. Lakini Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyependa sauti. Madume wanaanza kulia jua linapozama, ti, ti, ti, kama mtu anagonga glasi tupu kwa kijiko. Yule anayeanza kulia alimwita mpangaji. "Mpangaji leo kachelewa," anasema, kama vile kuna mtu kweli tunamngoja. Akapanda na kimaua chake mwenyewe karibu na bwawa, kile cha zambarau chenye majani ya manyoya. Mimi nilimwambia hakitashika pale. Kilishika, kikachanua, na hakuacha kunikumbusha.

Mwanaidi alifariki. Vyura nao walipungua mmoja mmoja kwa uzee, akabaki dume mmoja.

Sitawapambia maneno. Watu walijaa, arobaini ikapita, watu wakaondoka. Binti yangu Rehema, mtoto wangu pekee, akarudi kazini kwake Mbeya. Nikawa napika ugali wa watu wawili na kumwaga nusu. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu nasikiliza friji linavyonguruma. Hakuna aliyepita kunijulia hali, au ndivyo nilivyoona. Nilijisemea: watu ndivyo walivyo, ukizikiwa wamemaliza. Nikawa na hasira na mtaa mzima. Kilichokuwa kinanifikisha usiku ni yule chura. Nikitoka kuswali magharibi, anaanza. Naketi. Nusu saa nzima nyumba ina mtu mwingine.

Halafu akanyamaza.

Hakunyamaza ghafla. Kwanza sauti ilikuwa hafifu, kama inatoka chumba cha pili. Nikasema ni baridi ya Julai. Baadaye nikawa naisikia siku moja, siku mbili hamna. Mwisho nikakaa jioni nzima kimya, na ya pili, na wiki. Nikisogea na tochi namkuta kwenye jani lake, macho yamemtoka, mzima, anakula. Lakini halii. Na dume asiyelia, niliwafundisha wanafunzi miaka yote, ni dume ambaye kuna kitu makazini mwake kimeharibika. Tafuta ni nini.

Nikatafuta. Nilibadilisha maji yote kwa maji ya mvua. Kimya. Nikatoa mawe, nikanusa moja moja. Kimya. Nikasema ni udongo, umechoka. Nikaufukua wote mpaka kwenye chandarua. Ili kuufukua ilibidi ning'oe mimea. Kimaua cha Mwanaidi nilikiacha mpaka mwisho. Nikajiambia labda kimeoza mizizi, ndicho kinachotia sumu bwawani. Nikakivuta. Mizizi ilikuwa myeupe, safi kabisa, imekumbatia udongo. Mingi ilikatikia humo. Nilisimama nacho mkononi, mzee mzima.

Nilikirudishia. Nikapanga kila kitu upya kama nilivyofundishwa. Bado kimya. Miezi ikapita hivyo. Nikaamua: huyu kiumbe amechoka kuwa peke yake, na mimi najua hali hiyo, kwa nini nimfungie? Nitampeleka majarubani Mlali waliko wenzake. Sanduku nikamwahidi Mama Upendo, jirani yangu anayekaanga maandazi, alifanye kabati. Nikamwambia aje Jumatatu alichukue.

Jumapili jioni Rehema alipiga simu, kama kila Jumapili. Simu zetu zilikuwa fupi. Umekula, nimekula, dawa umemeza, nimemeza, haya baba. Mimi ndiye niliyekuwa nazikatisha. Simu za siku hizi sauti zake zimefifia, nilikuwa naweka spika na bado namwambia arudie, mpaka nachoka. Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa kwenye kiti changu, simu kwenye stuli, namweleza habari ya sanduku na Mama Upendo. Akanikatisha.

"Baba, subiri. Ni nini hicho kinacholia hapo?"

"Wapi?"

"Hapo kwako. Kinapiga kelele mpaka sikusikii vizuri."

"Hakuna kinacholia. Labda simu yako."

"Ti, ti, ti, ti. Baba! Si yule mpangaji wa mama?"

Nilikasirika kweli. Nikamwambia, "Rehema, usinitanie kwa jambo hili. Huyu ana miezi hajafungua mdomo." Nikainuka nikaenda mpaka kwenye kioo kumwonyesha, kana kwamba mtu anaonyeshwa kwa simu ya sauti.

"Sasa amenyamaza," akasema.

Nikarudi kwenye kiti. Nikakaa. Sijui ilipita dakika ngapi.

"Ameanza tena, baba."

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Chura akisogelewa hunyamaza, ukiondoka huendelea. Hilo ndilo somo la kwanza nililowapa vijana wote walioingia maabara yangu. Alikuwa analia kila jioni. Alilia nikiwa nabadilisha maji. Alilia siku niliyong'oa kimaua, baada ya mimi kuondoka pale. Wakati wote ule mimi nilikuwa nimeketi hatua tano kutoka kwake, namhuzunikia.

Nililia, nisiwafiche. Rehema aliita "Baba? Baba?" mpaka nikaikata simu, kisha nikampigia mwenyewe.

Daktari wa masikio alinieleza baadaye kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka uzeeni, na kwamba zilizokwenda zimekwenda. Angeweza kunisaidia kidogo kwa mazungumzo ya watu, kwa sauti ya chura hakuniahidi. Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na jioni moja niliyomsikia kwa mara ya mwisho, na sikujua ndiyo ya mwisho, labda nilikuwa nawaza ugali.

Lakini ninataka mlisikie la Jumatatu. Nilikuwa nimeinama nafuta kioo, nikageuka, nikamkuta Mama Upendo amesimama katikati ya sebule.

"Mama Upendo, hata hodi?"

"Jamani, mzee! Hodi nimepiga mpaka nimechoka. Leo nimeingia tu kwa sababu uliniambia nije."

"Umepiga lini? Sijasikia."

"Si leo tu. Sisi tulishazoea. Mtu anapiga hodi, huitiki, na tunakuona dirishani umekaa. Tukasema basi, mzee tangu mama aondoke hataki watu. Tukakuacha upumzike."

"Sisi nani?"

Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha ajabu. "Mimi. Wanangu. Mzee Salehe wa msikitini alikuja na uji Ramadhani, akarudi nao. Sisi wote, mzee."

Nikamwomba akae. Sikumpa sanduku, na nilimweleza kwa nini, na alilia yeye kabla yangu. Tukapatana kwamba mtu akija kwangu asipige hodi. Aingie moja kwa moja, aniguse bega. Shemeji zangu wangesema hayo ni matusi nyumbani kwa mtu. Mtaani kwetu sasa ndiyo desturi ya nyumba hii, hata watoto wanaijua.

Kimaua cha Mwanaidi hakikushika mara ya pili. Mahali pake nimepaacha wazi, jiwe tu na maji. Chura yupo. Namlisha, nampimia vidole vyangu vinne vya maji, dripu inadondoka. Watu wanaingia, wananigusa bega, wananywa chai, wanakwenda kwao. Kuanzia magharibi bado nipo peke yangu, na bado ni kimya. Sitawadanganya kwamba nimezoea.

Ila Jumapili Rehema akipiga hatuulizani tena habari za dawa. Naweka simu kwenye stuli, nakaa mbali na kioo, sisogei, namwacha asikilize. Wakati mwingine robo saa nzima hatusemi kitu, yeye Mbeya, mimi hapa. Jumapili iliyopita aliniuliza, kwa sauti kubwa ili niipate, "Baba, nikuigizie anavyolia?"

Nikamwambia hapana, asiniigizie. Aniambie tu kama yupo.

"Yupo, baba," akasema. "Analia."